Aksi Iliyokuwa Ikitoka Kwenye Turubai

Ninyi vijana wa garaji za Kolwezi, mnaotengeneza pikipiki kando ya barabara huku muziki ukilia kuliko moteri yenyewe, punguzeni sauti kidogo, nina neno nanyi. Mimi mgongo umeshagoma na vidole vyangu vinashindwa hata na kifuniko cha chupa. Lakini miaka mingi nimelala chini ya mashine za watu, na nimetoka nikiwa mzima. Leo nataka kuwaambia kwa nini nilitoka mzima, maana sifa si yangu.

Wengi hunijia kuniuliza habari za kununua trekta kuukuu, lile lenye kijiko kikubwa cha mbele, kwa kazi za shamba na kiwanja. Kitu cha kwanza nawaambia: msiangalie rangi. Rangi ni poda ya bibi harusi, siku ya pili inaoshwa. Panda, nyanyua kijiko juu kabisa, zima moteri, halafu shuka uvute sigara yako taratibu. Kama huvuti, piga soga na muuzaji. Kijiko kikianza kushuka chenyewe kabla soga halijanoga, mipira ya silinda imekufa, na muuzaji ataanza kuapa kwa jina la mama yake. Mwache aape.

Kitu cha pili ni aksi. Aksi ni kile kipande cha chuma cha mviringo, kinene kama kifundo cha mkono, kinachopita kwenye kiungo cha mikono ya kijiko na kuishikilia kwenye mwili wa trekta. Trekta nitakalowasimulia lilikuwa na nne kubwa. Aksi ikikatika wakati kijiko kiko juu, mikono yote inaanguka upande mmoja, na mtu aliye chini hapelekwi hospitali. Anakusanywa. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo neno lote la leo.

Aliyenifundisha haya aliitwa Tata Mukendi, tata yaani baba. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini, yeye mwenyewe akazaliwa hapa hapa Kolwezi, akaoa hapa, akazaa hapa. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja. Mara ya kwanza kunifundisha kitu alinipiga. Nilikuwa natafuta mahali bomba la mafuta linapovuja, nikapeleka kiganja kupapasa, mashine ikiwa inanguruma. Akanigonga vidole kwa ufunguo wa namba kumi na tisa.

"Uko na mikono ngapi?" akaniuliza. "Kama iko mingi, tia."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu alichukua kipande cha katoni, akakipitisha mbele ya tundu lile ambalo hata jicho halikuliona, na katoni ikatoboka kama imechomwa sindano. Mafuta yenye presha yanaingia mwilini bila kubisha hodi, na daktari atakata mkono kabla hajaelewa. Tangu siku hiyo natembea na katoni mfukoni. Mke wangu Feza alikuwa akiosha salopeti yangu ya kazi na kunitukana kwa ajili ya katoni.

Jambo jingine la Tata Mukendi lilikuwa turubai. Kila alichofungua alikilaza kwenye turubai kwa mpangilio wa kutoka: cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Turubai la fundi halikuguswa na fundi mwingine, hata kama ni rafiki, hata kama ni mkubwa wake. Na kitu kilichokufa, kisichofaa kurudi kwenye mashine, hakukitupa mara moja. Alikiweka nje ya turubai, juu ya udongo mtupu, nusu hatua kutoka ukingoni. Hakueleza. Ulimwona akifanya, ukajua: kilicho juu kinarudi, kilicho chini kimekufa. Garaji nzima ya Kampuni ya mgodi ilijua lugha hiyo, na mimi niliijua kama jina langu.

Kisha Kampuni ikaanza kufa. Sina haja ya kuwaeleza, baba zenu walikuwepo. Mshahara ulichelewa, ukachelewa tena, mwisho ukawa hadithi. King'ora kilichotuamsha na kutulaza kikanyamaza, na mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Tata Kalenga, mfanyabiashara aliyekuwa na shamba njia ya mto Lualaba, alinunua trekta moja lenye kijiko. Lilikuwa limesimama kwenye majani hata panya wamezaa ndani ya kiti. Akalivuta mpaka banda moja la mabati nyuma ya kinu cha unga, akampa Tata Mukendi alifufue, na mimi nikawa msaidizi. Alituambia hivi:

"Mi nataka itembee mbele ya mvula. Mwenye ataitembeza, njo atabakia nayo kule ku ferme, ku shamba yangu. Nyumba iko, unga iko."

Nyumba na unga! Nilikuwa na watoto wanne na sufuria tupu. Tata Mukendi alikuwa na sita. Tulikubaliana kwamba tukilimaliza tutamwomba Tata Kalenga atuchukue wote wawili. Tata Mukendi akafungua mikono ya kijiko, akatandaza turubai, akaanza kupanga.

Hatukufika mbali. Mjini zilianza hotuba, kwamba watu wa Kasai warudi kwao, hata wale ambao kwao ni hapa. Asubuhi moja vijana walipita mtaani wakiimba, matawi ya miti mikononi, wakiwatoa watu wa Kasai nyumba hadi nyumba. Familia za Kasai zikatoka na magodoro kichwani kuelekea stesheni. Mimi nilikuwa barabarani. Mtu alinipa tawi, alama ya kuwa upande wao, nikalishika. Najua mnachotaka kuuliza. Nililishika ili nisiulizwe mimi ni nani na mke wangu, ambaye naye kwao ni mbali, ni wa wapi. Tata Mukendi alipita karibu, salopeti ndani ya beseni juu ya godoro, na mkewe Mama Ngalula nyuma yake na watoto. Hakunitazama. Au alinitazama na mimi ndiye sikuinua macho.

Baada ya siku hiyo mtaa ukawa wa ajabu. Milango ilikuwa wazi na ndani hakuna mtu. Ulipita mbele ya nyumba ukaona meza, kikombe, kalenda ukutani, na kuku akitembea jikoni kama mwenye nyumba. Katika ua mmoja nguo zilibaki kwenye kamba wiki tatu, zikakauka, zikanyeshewa na mvua ya kwanza ya mapema, zikakauka tena. Wale waliokuwa wakiimba wakaacha kuimba. Hata watoto walicheza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyewakataza kupiga kelele.

Stesheni ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu. Watu walilala pale chini wakingoja treni isiyokuja, wiki baada ya wiki. Nilijua Tata Mukendi yuko pale. Kila siku nilisema nitakwenda kesho. Aibu ina miguu mizito, na hofu pia ilikuwepo, maana waliopeleka hata maji walitazamwa vibaya.

Badala yake nilirudi bandani kumalizia trekta. Nikakuta bati la paa limeng'oka na maji yameingia, turubai limelowa, vumbi limekuwa tope. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilikusanya kila kitu, cha juu ya turubai na cha pembeni, nikakiosha kwenye beseni moja la mazuti, yaani dizeli, nikakipanga upya. Aksi moja niliikuta chini kwenye udongo. Nikafikiri maji yameisukuma. Nikaifuta vizuri, nikailaza na wenzake watatu. Mimi, niliyejua lugha ile kama jina langu!

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani saa sita kula. Kula ni neno kubwa, tulikunywa uji. Niliporudi, aksi tatu zilikuwa juu ya turubai, na ya nne ilikuwa chini, kwenye udongo, nusu hatua kutoka ukingoni.

Nikasema imebingirika. Chuma cha mviringo hubingirika. Nikairudisha, nikaiwekea jiwe.

Kesho yake nilirudi kutoka nyumbani nikakuta jiwe liko mahali pake, na aksi iko chini.

Hapo nilisimama mlangoni muda mrefu. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hakuna upepo, hakuna king'ora, kinu kimefungwa. Saa ile Kolwezi ilikuwa kimya kiasi cha kusikia bati likitanuka kwa joto. Niliita, "Nani iko?" Sauti yangu mwenyewe ikanitisha. Udongo ulikuwa mkavu na mgumu, haukushika nyayo.

Siku ya tatu nilifanya ujanja. Aksi zile nne zilifanana, urefu mmoja, unene mmoja, zote zina mikwaruzo ya kazi. Nikazichanganya. Nikaipaka ile iliyokuwa ikitoka grisi nyingi, nikaiweka ya tatu kutoka kushoto, mahali pasipo pake. Nikaenda nyumbani, sikunywa hata uji, nikarudi. Zilizobaki juu ni tatu. Iliyokuwa chini ni ile ile, na grisi ilikuwa imefutwa kwenye kichwa chake.

Nilimwambia Feza. Akaacha kukoroga uji.

"Baba Marie, hukusikia? Muntu wa kuuzisha maji anasema Tata Mukendi alishakufa kule ku gare, ku stesheni. Sa wewe unaenda kila siku kushika bintu yake."

"Ni maneno ya watu tu."

"Basi nani njo anatosha ile aksi ku turubai? Wacha ile mashini. Ile mashini iko na mwenyewe."

Mimi ni mtu wa kanisa, mnanijua, nimeimba besi kwenye kwaya maisha yangu yote. Kesho yake niliomba nikiwa nimeshika ufunguo mkono mmoja, na nadhani Mungu alicheka. Niliongea na Tata Mukendi kwa sauti, peke yangu mle bandani. Nikamwambia: tata, najua turubai ni lako, lakini watoto wana njaa, niache nimalize. Nikairudisha aksi juu. Saa sita nikaenda. Niliporudi, ilikuwa chini.

Mngenishangaa kwamba sikuelewa. Najishangaa mimi mwenyewe. Hofu inamfanya mtu mjinga. Nilikuwa natafuta mzimu, kwa hiyo sikuona kwamba naambiwa kitu.

Wakati huo Tata Kalenga alikuwa akija kila siku mbili kutazama mawingu. Moteri ilikuwa imewaka. Lilibaki jambo moja: kufunga mikono ya kijiko kwa aksi nne, kukinyanyua juu, na mimi kulala chini yake kukaza mabomba ya mafuta. Nilipanga kuifanya kazi hiyo asubuhi ya Ijumaa. Nikaapa kwamba Alhamisi saa sita sitakwenda nyumbani.

Alhamisi niliaga kwa sauti kama kawaida, nikafunga mlango kwa nje, nikazunguka nikaingia tena kwa upande wa kinu, nikajikunyata nyuma ya gurudumu kubwa. Nilikuwa na nyundo. Sijui nilitaka kumfanya nini marehemu kwa nyundo. Jasho liliingia machoni. Nilisikia kwanza bati la nyuma likikwaruza, taratibu, mtu asiye na haraka. Halafu nyayo za miguu mitupu. Halafu pumzi.

Mkono ulitoka nyuma ya trekta. Ulikuwa mwembamba, mweusi kwa moshi, na ulipita juu ya aksi ya kwanza bila kuigusa, na ya pili. Kwenye ya tatu kidole gumba kilipapasa kichwa chake. Kisha mkono ukaishika, ukaiinua kwa shida, chuma kizito kile, na haukuiweka chini. Uliitia kwenye kapu.

Nikasimama. Nyundo ikanianguka. Alikuwa mwanamke mwenye kitambaa usoni na kapu la majani ya viazi, kama wale waliokuwa wakichuma nyuma ya kinu. Hakupiga kelele. Alifunua uso, na ilinichukua muda kumtambua Mama Ngalula, kwa jinsi mwili ulivyomkimbia.

"Mama Ngalula! Ni wewe?"

"Njo mi. Usinikamate, naenda."

"Ni wewe njo ulikuwa unakujaka hapa?"

"Kila siku, saa munaendaka kula. Tata alinituma."

"Tata Mukendi ni muzima?"

"Alishakufa, Petelo. Juma ya kwanza. Tumbo." Alisema hivyo bila machozi, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Mbele ya kufa aliniambia: ile aksi ya alama ku kichwa iko na ufa, macho haiuone. Aliwekaka alama na tupa ya kukwaruza chuma, tukafukuzwa mbele ya kuiweka chini. Akasema, uende uitoshe ku turubai uiweke chini, Petelo akiona iko chini atajua."

Nikatazama zile tatu juu ya turubai.

"Siku ya kwanza, mbele wewe urudie kazi, niliikuta ku turubai, nikaweka chini. Nikarudia, umeirudisha. Nikaweka, umeirudisha. Nikajiuliza, huyu muntu alijifunza kwa bwana yangu ao kwa nani?"

Nilimwomba aksi. Alisita, akanipa. Kuna kipimo ambacho Tata Mukendi alinifundisha, na ninyi mkikichukua hiki kimoja tu leo nitafurahi. Chovya chuma kwenye petroli ya taa, mafuta yale ya kuwashia kandili, kiache kinywe. Kifute kikauke kabisa. Kisha kisugue kwa chaki mpaka kiwe cheupe, ukigonge kidogo. Petroli iliyojificha ndani ya ufa itatoka yenyewe na kulowesha chaki. Nilifanya hivyo mbele yake. Tuliinama wote wawili. Katikati ya weupe ule ukatokea mstari, mwembamba kama unywele, ukazunguka chuma karibu mduara mzima.

Nikakaa kwenye mazuti. Kesho yake asubuhi ningekuwa chini yake.

"Kwa nini hukuniambia?" nilisema. "Nilikuwa hapa kila siku. Ungeniambia tu, neno moja."

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na ingekuwa afadhali ningeiona.

"Nilikuonaka mu barabara," akasema. "Ulikuwa na tawi mu mukono."

"Nililishika tu, mama."

"Njo ile minasema. Mi sikujua kama ukingali muntu wa kuambia kintu."

Aliichukua aksi mikononi mwangu na chaki yake, akaitia kwenye kapu, akaifunika kwa majani. "Hii naenda nayo. Sababu ukiirudisha tena, mi sitakuwa hapa. Treni inaondoka kesho, banasema." Huyo ndiye mtu aliyekuwa akipita mji mzima kwa miguu, mahali ambapo jina lake tu lilitosha kumletea mawe, kila siku, kwa ajili ya mtu ambaye hakumwamini. Mume wake alimtuma, akaja. Ndivyo walivyokuwa watu wale.

Na mimi nikafungua kinywa. Nilikuwa na mjane wa mwalimu wangu mbele yangu, dakika moja, labda mbili. Nikasema:

"Na zile ingine tatu?"

"Ziko nzima," akajibu. "Alizipima zote." Akapita kwenye tundu la bati, na bati likajifunga nyuma yake.

Aksi mpya nilichongewa na fundi mmoja wa Fungurume. Trekta lilitembea kabla ya mvua. Nilipata nyumba, nilipata unga, watoto wangu wakala wakakua, na Marie ndiye anayeniandikia maneno haya kwa sababu mimi mkono hauandiki. Trekta lile lilifyeka, likachimba mifereji, likabeba mawe miaka na miaka, na hakuna aliyeumia chini yake. Treni iliondoka kweli Ijumaa ile. Sikumwona tena Mama Ngalula, na sikusikia habari zake.

Waliofia stesheni walizikwa haraka, na wenyewe kwa wenyewe, wengine kando ya reli, wengine ng'ambo kwenye vichaka. Siku ile nilimwuliza habari za vyuma. Sikumwuliza amemzika wapi. Kila mwaka kabla ya mvua huwa nakwenda kule na jembe, nikitaka kupalilia kaburi la Tata Mukendi. Nafika, nasimama kwenye majani, natazama huku na huku, halafu nalibeba jembe langu narudi nyumbani.